Konokono Asiye Konokono: Shajara ya Itatiaia

Siku ya 1, Jumatatu. Rio de Janeiro hadi Itatiaia

Tumeondoka Rio saa kumi na moja alfajiri, kabla foleni haijaamka. Gari limejaa mpaka aliyekaa nyuma amepakata beseni. Tuna betri mbili za gari, taa tatu za miale ya urujuanimno, shuka jeupe, trei nyeupe za plastiki, galoni ya spiriti, chupa ndogo zaidi ya mia, na bahasha yenye vibali. Bahasha hiyo ndiyo imenitoa jasho kuliko mizigo yote. Ndani ya hifadhi za Brazili huokoti hata kiwavi bila kibali cha SISBIO, mfumo wa serikali wa vibali vya utafiti, na mgeni kama mimi anaongezewa karatasi nyingine juu ya hizo. Silalamiki. Wadudu wengi mno wa nchi za joto wamekwenda kukaa kwenye madroo ya Ulaya bila mtu kuulizwa.

Wanaoniuliza nasomea nini huwa nawajibu "wadudu wa mtoni", maana nikisema trikoptera mazungumzo yanafia hapo hapo. Chukua nondo mdogo mwembamba, mpe papasi ndefu, mkunjie mabawa mgongoni kama paa la nyumba. Bawa la nondo lina magamba kama unga, la huyu lina vinyweleo, na jina lenyewe kwa Kigiriki ni hilo: bawa la nywele. Utoto wake wote ni majini. Mabuu wa jamii nyingi hutoa hariri mdomoni na kujijengea nyumba ya kubeba, kwa mchanga, vijiti au vipande vya majani. Kwetu Amani, Usambara Mashariki, tulikuwa tunawaona kwenye vijito vinavyoteremka kwenda mto Sigi. Tuliwaita vijiti vinavyotembea, tukiwachokonoa tuone kuna nini ndani. Mama alikuwa akinichapa kwa kurudi nimelowa.

Safari hii imetokana na chupa moja. Machi nilipewa kazi ya kupanga chupa za zamani maabara, nikakuta dume mmoja wa jenasi ya Helicopsyche, lebo yake inasema Itatiaia. Madume wa jenasi hii wana kipembe chini ya fumbatio, kwenye pingili ya sita. Nilivyozoea mimi, kipembe hicho ni kama mwiba. Huyu alikuwa na kipembe bapa kama kafi la mtumbwi, tena ncha yake imegawanyika mara mbili, mfano wa ulimi wa nyoka. Nikampelekea profesa. Aliinamia hadubini kimya, kisha akasema inaweza kuwa spishi mpya, na inaweza kuwa kilema. "Niletee wa pili."

Basi, ndio huyo wa pili tunayemfuata. Tuko watatu: mimi, mwenzangu anayesomea shahada ya uzamivu, ambaye ni mwanamke wa jimbo la Minas Gerais asiyeogopa kitu isipokuwa kupe, na dereva ambaye kwa siku saba atakuwa pia mpishi na mshika taa. Barabara ya Dutra ni ndefu na malori ni mengi. Mchana tumefika nyumba tuliyopanga karibu na lango la hifadhi. Mama mwenye nyumba ametupa wali, maharage meusi na farofa, ambayo ni unga wa muhogo uliokaangwa. Nimemwambia kwetu muhogo tunauona wa kwetu tangu zamani za mababu, kumbe ulivuka bahari kutoka huku. Akaniongezea sahani.

Siku ya 2, Jumanne. Mto Campo Belo

Itatiaia ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza ya Brazili, ilitangazwa 1937. Sehemu ya chini ni msitu mzito wa Atlantiki, na mto Campo Belo unapita katikati ukiruka kutoka poromoko moja hadi jingine. Mchana tumetembea kutafuta pa kuweka taa: karibu na maji lakini si karibu mno, pawe na nafasi miti isizibe mwanga, pasiwe na taa ya mtu mwingine. Tumechagua siku hizi kwa sababu mwezi unafifia. Mwezi ukiwa mkubwa taa yako inashindana nao, na mwezi haushindwi.

Saa kumi na mbili na nusu jioni tukawasha. Chini ya taa kuna trei yenye spiriti kina cha vidole viwili. Anayeanguka humo amekwisha. Nyuma yake shuka limetandwa kati ya miti miwili kwa ajili ya wale tunaotaka kuwachagua kwa mkono.

Robo saa ya kwanza ni mbu na kumbikumbi. Halafu giza linakaza, na mto unaanza kutoa watu wake. Walianza wale wadogo kama punje ya mchele, mamia. Kisha wakaja Leptonema, wakubwa, kijani hafifu kama jani la mgomba lililofunuka leo, papasi zao ndefu kuliko mwili mzima. Mmoja alitua kwenye mkono wa shati langu, akatulia. Jenasi hii ipo Amerika ya Kusini, na ipo Afrika na Madagaska pia. Nilimwangalia kama unavyomwangalia mtu ugenini ukasikia jina lake la ukoo ni la kijiji cha jirani. Kisha nikamtia kwenye chupa, kazi ni kazi. Ule ukijani hautadumu, spiriti itaula wote.

Tumezima saa tatu usiku. Usiku wa manane mezani (neno lao ni mesa, sikuhitaji kamusi) nimewatenga mmoja mmoja kwa kibano. Helicopsyche 14. Majike wote.

Majike hawanisaidii. Wa spishi moja na nyingine wanafanana kupita kiasi, na utambulisho wa wadudu hawa karibu wote unasimama kwenye viungo vya uzazi vya dume. Ndiyo kazi yetu, kusema kweli: kuchungulia siri za madume wasiofika milimita 6.

Siku ya 3, Jumatano

Mvua imeanza saa tisa alasiri. Tulijidanganya kwamba itapita. Saa moja usiku upepo ukaja kutoka juu ya bonde, ukang'oa shuka letu pamoja na kamba zake na kulitupa mtoni. Dereva aliruka akalishika ncha, likachanika mikononi mwake, nusu ikaenda zake kuelekea Atlantiki. Taa moja imeingia maji. Trei imejaa mvua, spiriti imekuwa supu.

Tumerudi tumelowa chapachapa. Mama mwenye nyumba kasikiliza kisa chote huku ameshika kiuno, akaingia chumbani, akatoka na vitu vyeupe vimekunjwa. "Fronha," akasema. Mwenzangu akageuka anitafsirie, nikawa nimeshamshukuru. Foronya! Meza, kopo, leso, foronya: Wareno walipotoka pwani yetu waliacha gereza na vyombo vya ndani. Ametupa nne, mbili zina taraza pembeni. Nimemwambia zitaharibika. Amesema ni za mama mkwe.

Siku ya 4, Alhamisi

Mvua. Tumecheza karata.

Siku ya 5, Ijumaa. Sehemu ya juu

Kwa kuwa bonde limefurika tumepanda juu kupitia Garganta do Registro. Huku si msitu tena, ni nyasi na mawe, na mbele yako umesimama mwamba wa Agulhas Negras, mita 2,791, umechongeka kama vidole vya mtu anayeomba. Safu hii ya milima inaitwa Mantiqueira, na wenyeji hukuambia kwamba kwa Kitupi, lugha ya wenyeji wa asili, ni mlima unaolia. Leo umelia mchana kutwa.

Sikutegemea Helicopsyche kwenye baridi hii. Nilitaka kuona tu, na sijuti. Kwenye dimbwi kando ya njia tumemkuta chura mdogo kama kifundo cha kidole gumba, mgongo mweusi, tumbo jekundu. Watu wa huku wanamwita flamenguinho, ka-Flamengo, kwa rangi za jezi ya timu ya Rio. Jina lake la kisayansi ni Melanophryniscus moreirae, na mvua hizi ndizo zinazomtoa aje kuzaliana. Dereva ni shabiki wa timu pinzani. Kapiga picha moja tu, tena kwa shingo upande.

Usiku taa juu kule imeleta nondo watatu na nyenje mmoja. Vidole vyangu havikuweza kufunga kizibo cha chupa.

Siku ya 6, Jumamosi. Ukuta unaovuja

Jua limetoka. Mto bado mwekundu wa udongo, hauingiliki. Mwenzangu ndiye aliyesema tuache mto. Kwa nini tunang'ang'ania mto mkubwa, na yule dume wa zamani lebo yake haisemi mto? Nikaitoa picha ya lebo kwenye simu. Kweli, inasema hifadhi, tarehe, mkusanyaji, basi. Mto niliuweka mimi kichwani.

Tumerudi kwenye njia ya juu ya maporomoko. Kuna mahali ambapo mwamba umesimama kama ukuta, na maji yanashuka juu yake membamba kama jasho, hayafiki unene wa kucha. Kuna kuvumwani, kuna ute wa mwani wa kijani. Niliweka uso karibu na jiwe nikaona konokono.

Konokono wadogo kama mbegu ya ufuta mpaka punje ya dengu, wameganda kwenye mwamba. Nikamgusa mmoja kwa ncha ya kibano. Chini ya "gamba" vikatoka vimiguu sita na kichwa cheusi chenye kung'aa, vikavuta nyumba nzima hatua moja kando, vikaingia tena ndani.

Huyu ndiye aliyewahi kumlaghai mtaalamu. Mwaka 1834 Mmarekani Isaac Lea, bingwa wa makombe na konokono, alipelekewa hizi nyumba kutoka Tennessee akazieleza kuwa aina mpya ya konokono. Akampa na jina, Valvata arenifera, mbeba mchanga, akidhani konokono ndiye anayejipamba kwa mchanga. Simcheki. Weka moja kwenye kiganja na uapie kwamba si konokono kabla hujaona miguu. Imezunguka duara kamili, tundu linakaa mahali pake, mzingo unapanda vizuri kutoka kitovuni. Tofauti ni kwamba kila tofali la nyumba ni chembe ya mchanga iliyochaguliwa na kushonwa kwa hariri kutoka ndani. Chini ya lenzi nimehesabu rangi: kwatsi nyeupe, mika inayometameta, na chembe moja nyekundu ya tofali la mtu aliyejenga ngazi za njia. Buu hakubagua.

Tumekaa pale masaa manne, magoti ndani ya maji. Kwenye ufa wa mwamba, mahali penye kivuli, zilikuwepo nyumba kama ishirini zimebanana na haziondoki ukizigusa. Hizo ni pupa. Buu akimaliza kukua hugandisha nyumba kwenye jiwe, huziba mlango kwa utando wa hariri wenye upenyo wa kupitisha maji, hujigeuza ndani. Nikafungua moja kwa sindano mbili, taratibu, kama mtu anayemenya kitunguu saumu bila kukikata. Ndani kulikuwa na mdudu mzima ameshakamilika: mabawa yamefungwa mbavuni, papasi zimekunjwa, macho meusi. Na nyuma yake, nyumbani mwake humo humo, limesukumwa vazi la zamani, vigamba vya kichwa na kidari alivyovivua alipokuwa buu.

Hicho ndicho kitu kizuri kupita vyote katika kazi hii. Pupa aliyeiva ni cheti cha kuzaliwa. Viungo vya dume vimeshaumbika, kwa hiyo unajua ni nani. Na ngozi ya utoto iko pembeni, kwa hiyo unajua alikuwa nani. Mabuu wa spishi nyingi za bara hili hakuna anayejua wazazi wao, kwa sababu mzazi alinaswa kwenye taa na mtoto aliokotwa mtoni, na hawajawahi kukutana kwenye chupa moja.

Nimechukua pupa sita na mabuu kumi. Waliobaki tumewaachia mwamba wao.

Siku ya 7, Jumapili. Foronya

Usiku wa mwisho. Hatukuwa na mahali pa kutanda kitu mbele ya ule ukuta, njia ni nyembamba. Basi tukaitia taa ndani ya foronya yenye taraza na kuitundika kwenye tawi kama fenesi. Ilijaa mwanga wa zambarau. Mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini.

Mbu, nondo, kimya. Saa moja na nusu, mdudu mdogo wa kahawia alitua kwenye mshono wa foronya na kutembea kwa haraka akizungusha papasi. Nikamfunika na chupa. Wa pili. Wa tatu huyo akaingia masikioni kwa dereva, tukampata kwa taabu na kwa matusi ya Kireno ambayo sitayaandika. Kufika saa tatu tulikuwa na tisa.

Hatukusubiri kufika nyumbani. Hadubini ndogo tuliiweka juu ya boneti ya gari, tukaichomeka kwenye betri. Jike. Jike. Wa tatu nikamgeuza chali kwa ncha ya sindano, nikahesabu pingili kutoka nyuma, na nikaona kafi.

Nilihesabu tena. Pingili ya sita, kipembe bapa, kipana kuelekea ncha. Nikampisha mwenzangu. Akaangalia muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Kafi lipo," akasema. "Ulimi wa nyoka haupo."

Ncha ilikuwa ya mviringo, nzima. Madume wote watatu tuliowapata, ncha nzima.

Sikulala vizuri. Mambo mawili yanawezekana: spishi mbili zinazofanana zinaishi hapa, au ule mpasuko niliousherehekea tangu Machi ni ncha iliyovunjika ndani ya chupa.

Siku ya 8, Jumatatu. Kurudi Rio

Mama mwenye nyumba amekataa pesa ya foronya. Mabuu hai watano tumewaweka kwenye boksi la barafu, maana maji ya mlimani ni baridi na Rio leo ni nyuzi 36. Wamefika wanne.

Siku ya 9, Jumanne. Jikoni

Ili uvione viungo vya ndani vya dume ni lazima uondoe nyama. Unakata fumbatio, unalitia kwenye potasi kali ya asilimia 10, unapasha moto pole pole. Misuli inayeyuka, gamba la nje linabaki angavu kama karatasi ya mafuta. Wengine hutumia asidi ya lakti, ambayo ni mpole zaidi. Mimi nilikuwa na haraka, nikatumia potasi, kisha simu ikaita.

Nilivyorudi, fumbatio la dume wa kwanza lilikuwa jeupe kabisa. Lipo, lakini ni kama kivuli cha kivuli. Huoni mpaka wa kitu na kitu. Watatu sasa ni wawili na nusu. Nimeandika kosa kwenye daftari na muda wake, kisha nikaendelea na wa pili kwa asidi ya lakti huku simu nimeifungia kabatini.

Huyu ametoka vizuri. Nikamsafisha kwa maji, nikampulizia ndani kwa bomba la sindano kutoa mabaki, nikamlaza kwenye gliserini. Halafu nikatoa yule wa zamani wa Machi nikamweka kando yake, hadubini kubwa sasa, nikapandisha ukuzaji mpaka mwisho.

Kingo za ule mpasuko zimechongoka ovyo, hazina vinyweleo. Ncha ya kafi la hawa wapya ina vinyweleo vitatu vifupi. Kwenye ule wa zamani vishimo vya vinyweleo vipo viwili, kimoja kila upande, na pale ambapo pangekuwa cha tatu ndipo palipovunjika.

Kwa hiyo ni mmoja. Ulimi wa nyoka nimeufuta kwenye rasimu, sentensi nne nilizozipenda sana. Kama ningechapisha Machi kwa dume mmoja, ningeipa dunia spishi ya kweli yenye alama ya uongo, na mtu wa miaka hamsini ijayo angekesha akimtafuta mdudu mwenye ulimi wa nyoka.

Siku ya 10 hadi 12. Penseli

Picha za kamera zinasaidia, lakini spishi za trikoptera bado zinachorwa. Hadubini yetu ina bomba lenye kioo: jicho linaona mdudu na mkono wako mwenyewe kwa pamoja, penseli ikipita juu ya mstari kama inamgusa. Unachora kwa ubavu, kwa juu, kwa chini. Kwa juu unachora nusu tu, kisha unaigeuza, kwa kuwa mwili una pande mbili sawa. Baadaye unapitisha wino kwenye kompyuta.

Kuchora ndiko kunakokufundisha kuangalia. Nimekuwa na huyu mdudu miezi minane, na ni leo tu, nikiwa nimeshindwa kuunganisha mistari miwili, ndipo nilipogundua kwamba mkono wa chini wa dume, ule anaomshikia jike, una tawi la ndani lenye safu ya miba minene, mifupi, kama meno ya mamba mdogo. Nilikuwa nimeiona. Sikuwa nimeiangalia. Ukichora ni lazima uamue: mstari huu unaanzia wapi, unapita mbele au nyuma? Maneno yanakuruhusu kukwepa, penseli haikuruhusu.

Pupa mmoja kati ya sita ametoka dume aliyeiva. Ana kafi. Basi buu wa ukutani sasa ana baba, na maelezo yetu yatakuwa na dume, jike, pupa na buu. Kucha za mkia wa buu zina meno kama kitana, ndizo anazojishikia ndani ya ule mzunguko. Nimezichora mara tatu.

Siku ya 13, Jumamosi. Wafu na madroo

Leo sikugusa mdudu. Nimesoma.

Swali ni moja: je, kuna aliyekwisha kumpa jina? Katalogi ya trikoptera wa Amerika ya Kusini, ya Kati na visiwa vyake, ya mwaka 2017, ina spishi 3,262. Ukiipitia unakutana na jina la Oliver Flint wa makumbusho ya Smithsonian, Marekani, mpaka unalizoea kama la jirani. Peke yake au na wenzake alieleza zaidi ya spishi elfu moja. Na nyuma yao wote yuko Fritz Müller, Mjerumani aliyehamia Santa Catarina mwaka 1852, akalima, akafundisha, akaandikiana na Darwin, na mwaka 1880 akachapisha kwa Kireno, katika jarida la Makumbusho ya Taifa ya Rio, maelezo ya nyumba zinazojengwa na mabuu hawa. Ndiye aliyemweleza hata yule anayeishi kwenye maji yanayotuama kati ya majani ya bromelia, mmea wa jamii ya nanasi, juu ya mti, mbali na mto wowote. Alikuwa na macho, mzee yule.

Makumbusho yale yaliungua usiku wa tarehe 2 Septemba 2018. Mkusanyo wa wadudu ulikuwa na wapata milioni 5. Kwenye korido yetu kuna watu ambao mpaka leo hawalizungumzi.

Kwa hiyo unalinganisha na kilichopo: michoro ya zamani, sampuli za asili zilizobaki kwenye makumbusho mbalimbali, picha zilizotumwa na watu wema. Kuna mkusanyo mmoja ng'ambo ambao barua zetu tatu hazijajibiwa. Spishi jirani nne nimezipanga mezani. Mbili zina mwiba wa kawaida. Moja ina kipembe bapa, lakini kifupi, na mkono wake hauna ile miba. Ya nne ilinitia tumbo joto kwa saa nzima, mpaka nilipoona mchoro wake umechorwa kwa pembe iliyoinama kidogo. Ukiisawazisha, ni mwiba.

Buu wa mwisho kati ya wanne amekufa leo kwenye friji. Nyumba yake imebaki.

Siku ya 16, Jumanne. Lebo

Profesa amepitia michoro. Amerudisha kurasa zikiwa na alama nyekundu nyingi, na mwisho ameandika "sawa". Kwake hiyo ni shangwe.

Kanuni za majina ya wanyama zinataka mbebaji wa jina, na desturi ni kuchagua mmoja awe holotaipu. Siku wataalamu wakigombana, huyo ndiye atakayeulizwa. Nilidhani heshima hiyo ni ya dume wa Machi, kwa kuwa ndiye aliyetutoa nyumbani. Lakini kafi lake limevunjika. Holotaipu ni yule wa pili wa usiku wa foronya. Wa Machi atakuwa parataipu, sampuli ya kumsindikiza holotaipu, pamoja na wenzake, hata yule niliyemchemsha. Holotaipu anabaki hapa hapa Brazili.

Lebo nimeiandika kwa wino mweusi usiotoka kwenye spiriti, herufi ndogo kuliko sisimizi: nchi, jimbo, hifadhi, ukuta wa mwamba unaovuja, nyuzi za ramani, kimo, tarehe, majina ya waliokusanya. Safari hii nimeandika na mahali penyewe, si hifadhi tu. Kwenye nafasi ya chombo fomu inataka aina ya mtego. Niliandika "taa ya UV". Mwenzangu akapita nyuma yangu, akaongeza kwa penseli: "ndani ya foronya". Nimeiacha.

Jioni nimempigia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi kutoka huko porini?"

"Nimerudi. Tumempata."

"Yule mdudu? Mpaka Brazili, kumfuata mdudu ambaye hata hauliwi?"

"Yule yule. Anajijengea nyumba kama ya konokono, kwa mchanga."

Kimya kidogo. "Kama wale uliokuwa ukinilowea nguo kwa ajili yao?"

"Ndugu zao."

"Haya. Na jina lake nani?"

Nikamwambia siwezi kulisema. Jina likitoka kabla ya maelezo kuchapishwa, kwa kanuni zetu halihesabiki kuwa jina. Wenyewe wanaliita kwa Kilatini nomen nudum, jina uchi. Ndiyo maana hata humu sijaliandika.

"Hata mimi mamako?"

"Hata wewe, mama. Lingekuwa uchi."

"Basi mvishe kwanza," akasema, "kisha unipigie."